Seneta "Hapana" na kidonge cha mama mjamzito

SEHEMU YA 1: Nesi na siasa wapi na wapi?

Wiki hii naomba tuache kidogo uji wa lishe na vipele vya watoto. Nataka niwasimulie kuhusu mwanasiasa wa Marekani.

Najua mtashangaa. Subirini.

Tangu mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, meseji zinazoingia kwangu zinafanana. "Nesi, dawa zitaisha?" "Nesi, niendelee kunyonyesha au niache?" Na moja iliyonikaa kichwani: "Hivi kwa nini wao ndio walikuwa wanatulipia?"

Swali zuri sana. Majibu yapo mengi, ila mojawapo linapita kwa mzee mmoja anaitwa Jesse Helms. Alifariki mwaka 2008. Wengi wenu hamjawahi kulisikia jina lake, lakini kama ulibeba mimba miaka ya 2000 huku kwetu, ukapimwa damu kliniki ukaambiwa kuna dawa ya kumkinga mtoto, basi maamuzi ya huyu mzee yanaweza kuwa yalikugusa.

Nitamweleza kwa haki, mazuri yake na mabaya yake. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiwepo wa kusema nimemzunguka: huyu mzee aligeuka uzeeni akasaidia kuokoa watoto wetu, na namshukuru kwa hilo. Ila ile hesabu aliyokuwa anaipiga kichwani, ya nani anastahili kutibiwa na nani amejitakia, hakuiacha hadi mwisho. Na hesabu hiyo bado inatuumiza.

Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Alikuwa nani

Jesse Helms alizaliwa mwaka 1921 katika mji mdogo unaoitwa Monroe, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mkuu wa polisi wa mji. Enzi hizo kusini kule watu weusi na weupe walitenganishwa kisheria: shule mbalimbali, mabomba ya maji mbalimbali, hadi wodi za hospitali mbalimbali. Ndimo alimokulia.

Alikuwa mwandishi wa habari. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1972 alikuwa anatoa maoni yake kwenye kituo cha televisheni cha WRAL mjini Raleigh, na watu wakamzoea kama sisi tulivyozoea mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili. Alizipinga waziwazi harakati za watu weusi kudai haki zao. Mwaka 1972 akagombea useneta kwa chama cha Republican, akashinda. Kule kila jimbo lina maseneta wawili, na kipindi kimoja ni miaka 6. Yeye alishinda mara 5. Alikaa miaka 30, tangu Januari 1973 hadi Januari 2003.

Alikuwa mhafidhina wa kwelikweli. Dini mbele, familia, kodi kidogo, serikali isijiingize kwenye kila kitu, na ukomunisti asiusikie. Alipinga mambo mengi kiasi kwamba akapewa jina la "Seneta Hapana", na mwenyewe hakulichukia. Mwaka 1983 aliongoza upinzani bungeni ili siku ya kumkumbuka Martin Luther King isiwe sikukuu ya taifa. Akashindwa kwa kura 78 kwa 22.

Kuna kanuni ya mwaka 1973 yenye jina lake mpaka leo: fedha za msaada za Marekani zisilipie utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango, nchi yoyote, hata pale ambapo sheria ya nchi hiyo inaruhusu. Leo sitafungua mjadala huo, una siku yake. Nawaambia tu ili mjue kwamba kalamu ya huyu mtu ilifika mbali na kwao.

Sasa sikilizeni na upande wa pili. Yeye na mkewe Dorothy walikuwa na mabinti wawili. Siku moja wakasoma gazetini habari za mvulana wa miaka 9 aliyekuwa kwenye kituo cha yatima, ana mtindio wa ubongo. Mtoto alisema anachotaka Krismasi ni mama na baba. Wakamchukua, wakamlea kama wao. Mama yeyote mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo anajua hiyo si kazi ya wiki moja. Ni kubeba, ni mazoezi ya viungo, ni usiku na mchana.

Kwa hiyo mtu asije akasema hakuwa na moyo. Alikuwa nao. Swali langu ni nani aliruhusiwa kuingia humo.

SEHEMU YA 3: UKIMWI ulipoingia

Taarifa za kwanza za ugonjwa huu zilitolewa Marekani mwaka 1981. Waliokuwa wanaugua sana kule mwanzoni ni wanaume wanaojamiiana na wanaume, wanaojidunga dawa za kulevya, na waliopokea damu yenye virusi.

Kwa Helms jambo lilikuwa jepesi: hawa wamejitakia. Mwaka 1987 alipitisha bungeni kipengele cha kuzuia fedha za serikali kutumika kwenye elimu ya UKIMWI ambayo yeye aliona inahamasisha ushoga. Maseneta wawili tu walimpinga. Mwaka huohuo akasukuma VVU viingizwe kwenye orodha ya magonjwa yanayomzuia mgeni kuingia Marekani. Zuio hilo lilidumu hadi Januari 2010. Ndugu zetu walioomba makazi ya kudumu kule kabla ya hapo wanajua, kipimo cha VVU kilikuwa sehemu ya safari.

Kulikuwa na mtoto anaitwa Ryan White, wa jimbo la Indiana. Alikuwa na ugonjwa wa damu kutoganda, akaambukizwa VVU kupitia dawa iliyotengenezwa kwa damu ya watu. Shule ikamkatalia. Alifariki Aprili 1990 akiwa na miaka 18, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria yenye jina lake ya kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Helms aliipinga. Mwaka 1995 ilipotakiwa kuongezewa muda akaipinga tena, akisema hadharani kwamba ugonjwa huu unaletwa na matendo machafu ya makusudi, na fedha zinazotumika ni nyingi mno.

Fikiria hapo. Sheria ina jina la mtoto, na bado ikawa hapana, kwa sababu kwenye foleni ileile ya dawa wangesimama na wale ambao yeye hakuwataka.

Misaada ya nchi za nje nayo aliilinganisha na kumwaga fedha kwenye mashimo ya panya. Mashimo yenyewe ndiyo sisi, jamani. Na tangu 1995 ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya mambo ya nje.

SEHEMU YA 4: Mama wa Raleigh

Hii sehemu naomba akina mama muisome polepole.

Mjini Raleigh, mji ambao Helms alifanyia kazi yake ya televisheni, aliishi mama anaitwa Patsy Clarke. Marehemu mume wake alikuwa rafiki na mfuasi wa Helms. Mwaka 1994 mtoto wao wa kiume, Mark, alifariki kwa UKIMWI. Alikuwa shoga.

Mwaka 1995 mama huyu alimwandikia Helms barua. Hakumtukana. Hakumwomba hata abadili msimamo wake wote. Alimwomba, kama rafiki wa familia, aache kuwahukumu wagonjwa kama mwanawe.

Helms alimjibu. Alimpa pole, halafu akaandika kwamba anasikitika Mark alicheza na maisha yake kwa mambo yake ya mapenzi, kama mtu anayejiwekea bastola kichwani akibahatisha kama ina risasi.

Ebu jiweke hapo. Umezika mtoto. Unamwandikia mtu aliyekula mezani kwako. Anakujibu kwamba mtoto wako alijiua mwenyewe.

Mama Clarke hakukaa kimya. Yeye na mama mwenzake, Eloise Vaughn, ambaye naye alifiwa na mwanawe kwa UKIMWI, walianzisha kundi la akina mama wa kumpinga Helms kwenye uchaguzi wa 1996. Wakina mama wa makamo, waenda kanisani, hawajawahi kushika bango maishani. Hawakushinda. Helms alirudi bungeni. Lakini walisema kitu ambacho sisi huku wodini tunakiona kila siku: kila mgonjwa unayemwita mchafu ana mtu aliyembeba miezi 9.

SEHEMU YA 5: Mzee anageuka

Sasa tunafika kwenye sehemu iliyowashangaza hata wafuasi wake.

Mwaka 2000 alikutana na Bono, yule mwanamuziki wa Ireland wa bendi ya U2, ambaye alikuwa anazunguka Washington kuomba nchi maskini zisamehewe madeni. Bono akamweleza habari za Afrika kwa lugha ambayo mzee anaielewa, lugha ya Biblia, ya maskini na wagonjwa. Inasimuliwa kwamba mzee alitokwa na machozi. Naye mhubiri Franklin Graham, kiongozi wa shirika la misaada la Samaritan's Purse, akawa anamwambia hayohayo kutoka upande wa kanisa. Februari 2002, kwenye mkutano ulioitishwa na shirika hilo mjini Washington, Helms alisimama akasema anaona aibu kwa kufanya machache sana kuhusu UKIMWI duniani.

Mwezi uliofuata aliandika kwenye gazeti la Washington Post. Alikuwa na miaka 80. Alisema yeye na Seneta Bill Frist wa Tennessee, ambaye ni daktari bingwa wa upasuaji, wangeomba dola milioni 500 za kupambana na UKIMWI, mradi na sekta binafsi ichangie kiasi kama hicho. Mkazo wake ulikuwa kuzuia mama asimwambukize mtoto. Aligusia pia umri wake, kwamba anajua siku ya kukutana na Muumba wake haiko mbali.

Mwezi Aprili mwenyewe akafanyiwa upasuaji wa moyo. Ikulu ya Marekani haikuupenda mpango ule ulivyokaa, na kiasi kikapunguzwa bungeni. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Tarehe 19 Juni 2002, Rais George W. Bush alitangaza mpango wake mwenyewe wa dola milioni 500 wa kukinga mama na mtoto, ambao ulikuja kugusa nchi 14 za Afrika na Karibiani. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo, Rwanda imo. Januari 2003, wiki chache baada ya Helms kustaafu, Bush akatangaza ule mkubwa, PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka 5.

Sitaki kudanganya kwamba Helms ndiye aliyeleta yote haya. Wanaharakati, madaktari, wagonjwa wenyewe na wanasiasa wengine walikuwa wanasukuma kwa miaka. Ila fikiria familia yenye mjomba mkali anayekataa kila jambo. Siku mjomba huyo akisema "nipeni namimi nichangie", nani tena atabaki na ujasiri wa kukataa? Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

SEHEMU YA 6: Kidonge cha Kampala

Hapa naingia kwenye eneo langu.

Bila kinga yoyote, katika kila watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Wengine wakiwa tumboni, wengine wakati wa uchungu na kujifungua, wengine kwa kunyonya. Maana yake ni kwamba hata zamani watoto wengi walikuwa wanapona. Ila mama alikuwa anaishi na bahati nasibu mgongoni.

Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kampala, hospitali ya Mulago. Mama alimeza kidonge kimoja cha nevirapine uchungu ulipoanza. Mtoto alipewa dawa hiyohiyo ya maji ndani ya saa 72 tangu azaliwe. Basi. Wakilinganishwa na waliopewa kozi fupi ya dawa nyingine, walioambukizwa walipungua karibu nusu. Gharama yake kwa mama na mtoto ilikuwa kama dola 4. Mwaka 2000 kampuni inayoitengeneza ikatangaza itaitoa bure kwa nchi zinazoendelea kwa miaka 5.

Sasa mtu atauliza: kama ni bure, mamilioni yale ya dola ya nini?

Mwenzangu, kidonge ndicho kitu kidogo kuliko vyote. Ili kidonge kimfikie mama, lazima kuwe na kipimo. Kuwe na nesi aliyefundishwa kumshauri bila kumtisha. Kuwe na chumba chenye mlango unaofungwa. Kuwe na maabara, friji, gari la kupeleka dawa zahanati ya mwisho kabisa kabla mto haujafurika. Kuwe na daftari la kumkumbuka mama ambaye hakurudi. Fedha zilienda huko. Na leo, mama akitumia dawa zake vizuri tangu mapema hadi kipindi cha kunyonyesha, watoto wanaoambukizwa wanashuka chini ya 5 kwa kila 100. Serikali ya Marekani yenyewe inahesabu kwamba PEPFAR imeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 25 duniani.

Hayo ni matunda. Mimi siyabezi, nimeyashika mkononi, yanalia na yanakojoa.

SEHEMU YA 7: Mama yuko wapi?

Sasa maoni yangu, na hapa najua baadhi yenu hamtakubaliana nami.

Helms alipogeuka hakusema, "Nilikosea kuwahukumu wagonjwa." Alichosema kwa maana yake ni kwamba alidhani ugonjwa utabaki kwa wale waliojiingiza wenyewe, kumbe umefika kwa wasio na hatia. Kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 2005 alikiri kukosea kuhusu UKIMWI kwa namna hiyo. Kuhusu mashoga hakubadilika. Mama Clarke hakupata alichoomba.

Yaani hesabu ilibaki ileile. Kilichotokea ni kwamba mtoto mchanga wa Afrika alihamishwa kutoka upande wa "hapana" kwenda upande wa "ndiyo".

Na ukiokoa kwa hesabu hiyo, angalia kinachotokea kwa mama. Ule utaratibu wa mwanzo ulikuwa kidonge kimoja kwa ajili ya mtoto. Mama alijifungua, mtoto akapona, mama akarudi nyumbani na virusi vyake, hana dawa za kuendelea. Kidonge kile kimoja kingeweza hata kuviacha virusi vyake vikiwa sugu kwa dawa ileile ambayo angeihitaji baadaye. Mtoto aliyekingwa dhidi ya VVU akabaki yatima. Na yatima mchanga huku kwetu anakufa kwa kuhara, kwa nimonia, kwa kukosa ziwa. Unajiuliza tumeokoa nini.

Sikusema walikuwa na nia mbaya. Dawa za maisha zilikuwa ghali, na waliobuni njia ile walitaka kitu cha haraka kinachowezekana. Madaktari na akina mama wenyewe walilalamika mapema, na baadaye mipango ikabadilika: leo mjamzito akikutwa na VVU anaanzishiwa dawa na anaendelea nazo maisha yake yote, kwa ajili yake kwanza, na mtoto anafaidika. Huo ndio utaratibu sahihi. Ila ona njia iliyotufikisha hapo. Ilibidi mama apiganiwe awe mgonjwa kamili, maana mwanzoni alikuwa kama chombo cha kumpitishia mtoto.

SEHEMU YA 8: Hesabu hiyo ipo mpaka leo, na ipo hadi kwetu

Mtu asidhani haya ni ya 2002.

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump aliamuru misaada ya nje isimame siku 90 ipitiwe upya. Baadaye vikaruhusiwa vitu vichache vya kuokoa maisha, ikiwemo matibabu ya VVU na kumkinga mtoto asiambukizwe na mama. Lakini dawa za kinga, zile ambazo mtu asiye na VVU anameza asiambukizwe, zikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu.

Someni tena hapo. Binti wa miaka 20 mwenye mpenzi asiyemwamini, hapana, mpaka abebe mimba. Mke ambaye mume wake yuko machimboni miezi 8, hapana, mpaka abebe mimba. Akishabeba ndipo anaonekana. Ni mstari uleule aliouchora yule mzee: mama na mtoto ndani, wengine nje. Virusi havijui mstari huo. Huyo mjamzito wa kesho ndiye huyo binti wa leo.

Na sasa tujitazame, maana ni rahisi kumnyooshea kidole Mmarekani.

Nani hajawahi kusikia, "amejitakia"? Binti wa shule kaja na mimba, anaambiwa ulipokuwa unalala naye hukujua? Mwanamke kaja anavuja damu baada ya mimba kuharibika au kuharibiwa, anaachwa benchini akauke aibu kwanza. Kijana wa dawa za kulevya kaja na kidonda, kila mtu anapita na njia nyingine. Na sisi manesi tumo, sijitoi. Kwenye magrupu ya akina mama mtu akiuliza swali kuhusu fangasi za ukeni, jibu la kwanza linakuwa "tulia na mume wako".

Matokeo yake mnayajua? Watu wanaficha. Mama anachana karatasi ya kliniki yenye alama. Anahamia kituo cha mbali ambako hajulikani, nauli ikikosekana anaacha dawa. Anameza kidonge chooni mama mkwe asione. Anakataa kupimwa tena akiwa ananyonyesha, wakati huo ndio mume kaambukizwa na yeye kaupata upya. Halafu mtoto anakutwa ameambukizwa, na sote tunauliza, "Imekuwaje?" Imekuwa kwa lile neno.

Wazee walisema hujafa hujaumbika. Unayemcheka leo, kesho foleni ni yako.

SEHEMU YA 9: Tufanye nini basi

Fundisho la Helms kwangu ni hili. Dawa iliyoletwa na huruma ya mtu inaweza kuondoka huruma yake ikihama. Machozi yale yalitusaidia, Mungu amlipe, lakini mtoto wa Tandahimba au wa Kisumu hawezi kutegemea nani kalia Washington mwaka huu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aprili 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo ni ya viongozi wetu wenyewe. Mbunge akija kuomba kura, kabla hujachukua khanga, muulize: bajeti ya afya mwaka huu asilimia ngapi? Dawa za VVU tunanunua kwa fedha zetu kiasi gani? Mama Clarke alikuwa mjane mwenye kalamu tu. Sisi tuko wengi kuliko yeye.

Na kwa waliouliza kuhusu afya zao, majibu yangu ni haya:

- Usiache dawa kwa sababu ya uvumi. Ukisikia "zimeisha", nenda kituoni ukaulize. Zikipungua kweli, watakuelekeza pa kupata kabla hujakatisha.

- Unanyonyesha na una VVU? Meza dawa zako kila siku, mpe maziwa yako tu miezi 6 ya mwanzo bila maji wala uji, kisha endelea kunyonyesha pamoja na chakula kama kliniki inavyokuelekeza. Usiache ziwa ghafla kwa woga.

- Mtoto apate dawa yake ya maji tangu anapozaliwa, kwa muda wote ulioambiwa. Kipimo cha wiki ya 6 usikiruke, na vile vinavyofuata usiviruke.

- Ulipimwa mwanzo wa mimba ukawa huna? Hongera, lakini rudia kupima kama utakavyoelekezwa, pamoja na kipindi cha kunyonyesha. Na baba naye aje. Baba, nakuona unasoma.

- Ukimjua mtu anayeficha dawa, usimwulize aliupata wapi. Muulize kama amekula, na kama ana nauli ya kwenda kuchukua dawa mwezi huu.

Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi. Siku tukiweza kulifanya kwa binti, kwa mume wa mtu, kwa kijana wa maskani, kwa mtoto wa Mama Clarke, hatutahitaji tena kuthibitisha kwamba mtu hana hatia ndipo atibiwe.

Maswali wekeni hapa chini, ya siri njooni kwenye meseji, sitaji jina la mtu. Kesho kutwa tunarudi kwenye chanjo za miezi 9, mje na kadi zenu.